Eliya Alilala, Akala, Ndipo Akasikia

 

Nawasalimu nyote mnaosoma hapa. Ninyi wa Wapewape, Vietnam, Sisal na Riara, ninyi wa kule Pipeline, na ninyi binti zetu mlioko Doha na Riyadh, mnaosoma haya usiku baada ya kumaliza kazi za watu. Neno la leo ni refu kidogo. Chukua chai yako, keti, tuzungumze.

Tangu mvua ianze nimepokea ujumbe mwingi kwenye simu, na mwingi unafanana. Mmoja ananiambia hasira humpanda kabla hajajua amekasirikia nini. Mwingine anasema usiku moyo unamwenda mbio na hakuna mwizi mlangoni. Ndugu mmoja, baba wa watoto watatu, anasema akitoka kiwandani na watoto wakamkimbilia, anawafokea, kisha analala akijichukia. Na karibu wote wanamaliza kwa swali moja: "Pasta, je, imani yangu imepungua?"

Mpendwa, kabla hujaanza kuipima imani yako, nataka nikuulize maswali madogo. Umekula saa ngapi? Umelala saa ngapi? Masikio yako yalipumzika lini mara ya mwisho? Ni lini mtu alikugusa kwa upole bila kutaka kitu kwako?

Huenda unashangaa kwamba mchungaji anauliza mambo ya mwili. Sikuanza mimi. Mungu ndiye aliyeanza.

Fungua Biblia yako, 1 Wafalme sura ya 19. Eliya ametoka mlima Karmeli, ameuona moto ukishuka kutoka mbinguni. Kisha Yezebeli anamtumia vitisho, na yule nabii shujaa anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amtoe uhai. Nabii mzima! Mtu aliyeomba mvua ikanyesha.

Sasa tazama Mungu alivyomtendea. Hakumkemea. Hakumwambia afunge siku tatu. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa. Hapo kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamgusa mara ya pili, akala tena. Ndipo akatembea siku 40 hadi mlima Horebu. Na ni kule Horebu, baada ya usingizi, mguso, harufu ya mkate wa moto, maji na kutembea, ndipo upepo ulipopita, na tetemeko, na moto, na mwisho kabisa ile sauti ya chini ambayo Eliya aliisikia.

Aliyemuumba Eliya alijua aanzie wapi. Alianza na mwili, kisha akasema na moyo.

Hilo ndilo neno langu leo: mwili uliojaa kelele na hofu hausikii vizuri, hata ukihubiriwa. Na Mungu ameweka katika mwili wako huo huo milango ya kuutuliza. Kuitumia milango hiyo hakumaanishi kwamba huna imani.

Nieleze kidogo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kuchungulia hatari. Wataalamu huiita amigdala. Ikisikia kishindo, au ikinusa moshi, inapiga king'ora kabla wewe hujafikiri lolote. Moyo unaongeza mwendo, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, tumbo linafunga. Ni zawadi. Ndiyo iliyokufanya uruke pembeni pikipiki ilipokujia kwa nyuma bila kupiga honi. Shida huanza pale king'ora kinapokataa kuzima, au kinapolia kwa kila kitu kidogo.

Mnamjua kijana wetu wa saundi pale kanisani. Mbele yake ana vitufe vingi. Besi ikizidi, anaishusha. Sauti ya mwimbaji ikipotea, anaipandisha. Hawezi kutumia kipimo kimoja kwa nyimbo zote. Basi mwili wako nao una vitufe. Mambo yanaingia kupitia macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, na wewe unaweza kujifunza kupunguza kinachokuzidi na kuongeza kinachokutuliza. Ni hilo tu. Halina uchawi, halina dini ya kigeni ndani yake.

Tulifundishwa shuleni milango mitano ya fahamu. Wataalamu wanaongeza mitatu. Kuna hisia ya mizani, iliyo ndani ya sikio, inayokuambia kama unabembea, unazunguka au unaanguka. Kuna hisia ya misuli na viungo, inayokuambia mkono wako uko wapi hata gizani, na umebeba uzito gani. Na kuna hisia ya ndani, inayokuambia una njaa, una kiu, mkojo umekubana, moyo unadunda. Wengi wetu hii ya mwisho tumeinyamazisha. Mama anaweza kushinda na njaa mpaka saa kumi jioni, kisha akamchapa mtoto kwa kumwaga maji. Hakukasirishwa na maji yale. Alikuwa hajala.

Katika miaka ya 1960 na 1970, huko California, Marekani, mwanamke mmoja aitwaye A. Jean Ayres aliwachunguza watoto waliokuwa wakionekana wazito au wakorofi shuleni. Aligundua kwamba wengine wao walikuwa wakihangaika kupanga yale yanayoingia kupitia milango hii, na alichapisha kitabu juu ya hilo mwaka 1972. Tangu hapo kazi hiyo imekua. Katika nchi kama Marekani, Australia na New Zealand, baadhi ya hospitali za wagonjwa wa akili zimetenga vyumba vya utulivu, vyenye mwanga hafifu, blanketi nzito na viti vya kubembea, ili mgonjwa aliyechafukwa apate njia ya kutulia kabla watu hawajafikiria kumshika kwa nguvu au kumfungia peke yake.

Lakini mama zetu walianza kitambo. Mtazame mama wa Mukuru akimfunga mtoto mgongoni kwa leso. Leso inambana mtoto kwa uimara, si kwa kumuumiza. Joto la mgongo linamwingia. Mama anatembea, mtoto anabembea. Sikio lake liko karibu na kifua kinachopumua na kuimba polepole. Mguso, joto, uzito, mizani, sauti, harufu ya mama, yote kwa kitambaa kimoja. Mwaka 1986 watafiti wa Montreal, Canada, waliandika kwamba watoto wachanga waliobebwa kwa saa nyingi zaidi kila siku walilia kwa asilimia 43 chini ya wenzao walipofika umri wa wiki sita. Na mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey, akiwa na uhaba wa mashine za kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, aliwaambia mama wawafunge vifuani, ngozi kwa ngozi. Leo njia hiyo inatumika duniani kote, hata hapa Kenya. Mukuru, tulikuwa na hazina, na tulifikiri ni umaskini.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo wengi hukosana nyumbani. Kinachomtuliza mmoja humchafua mwingine.

Sauli alipokuwa akisumbuka, Daudi alimpigia kinubi naye akapata nafuu. Hiyo iko 1 Samweli 16. Lakini soma mbele kidogo, sura ya 18. Kinubi ni kile kile, mpigaji ni yule yule, na Sauli anarusha mkuki. Wivu ulikuwa umeshaingia kati yao. Kwa hiyo usichukue njia ya jirani ukaifanya sheria ya nyumba yako, na usishangae kama njia iliyokusaidia juzi leo haikusaidii.

Mume anatoka kazini anataka redio. Mke ameshinda na kelele za ploti, anataka kimya. Kila mmoja anafikiri mwenzake ana kiburi. Hakuna mwenye kiburi hapo. Kuna masikio mawili yenye njaa tofauti ndani ya nyumba ya futi kumi kwa kumi. Zungumzeni. Semeni, "Nusu saa ya kwanza tunyamaze, halafu uwashe redio yako." Ndoa ngapi zingepona kwa nusu saa!

Utajuaje kinachokufaa wewe? Jichunguze hali mbili. Kuna siku umepanda juu: hasira, wasiwasi, mikono haitulii, kila sauti inakuchoma. Siku hiyo unahitaji vya kushusha: kitu kizito, chenye joto, cha polepole, chenye mwendo unaojirudia, mwanga mdogo. Na kuna siku umeshuka chini: mwili umekufa ganzi, huna hamu, unakaa kitandani unatazama ukuta. Siku hiyo unahitaji vya kupandisha: maji baridi, mwanga wa jua, harufu kali ya ndimu au tangawizi, kutembea haraka, wimbo wa kupiga makofi. Mtu aliyekufa ganzi ukimwambia apumzike zaidi, unamzamisha.

Sasa vitu vyenyewe, na hakuna hata kimoja kitakachokudai pesa nyingi.

Kwanza, uzito na misuli. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20. Kuubeba toka kwenye bomba ni kazi, lakini pia misuli inayofanya kazi nzito huusaidia mwili kutulia. Ndiyo maana ukiwa na hasira, ukafua blanketi kwenye beseni, ukalikamua, ukalianika, unajikuta umepoa. Kama hakuna cha kubeba, sukuma ukuta kwa viganja vyote viwili ukihesabu hadi 20. Uwe wa mawe lakini, usiangushe mabati ya mwenye ploti! Tafuna muwa wa mkokoteni, au njugu, maana taya nayo ni misuli. Jifunge leso au shuka mabegani kwa kubana.

Pili, pumzi. Vuta hewa ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita au nane. Unapotoa pumzi kwa urefu, mwendo wa moyo hushuka. Kuimba tenzi polepole hufanya hivyo hivyo, maana huwezi kuimba mstari mrefu bila kutoa pumzi ndefu. Ukijisikia kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Tatu, maji. Nawa uso kwa maji baridi, ukikawia kidogo kuzunguka macho na mashavu. Mwili una namna yake ya kupunguza mwendo wa moyo uso unapopata baridi. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Na kikombe cha turungi moto, ukikishika kwa viganja vyote viwili bila haraka, kina kazi kabla hujakinywa.

Nne, harufu. Njia ya harufu kwenda kwenye sehemu za ubongo za kumbukumbu na hofu ni fupi kuliko ya milango mingine. Huku kwetu pua zinabeba mengi: mtaro, moshi wa takataka, viwanda. Ipe pua yako pumziko. Maganda ya chungwa, tangawizi iliyopondwa, jani la mkaratusi, sabuni uipendayo kwenye kitambaa cha mfukoni. Lakini nawasihi, msiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa kutafuta joto au harufu nzuri. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na imeua familia zikiwa zimelala.

Tano, macho na masikio. Zima simu nusu saa kabla ya kulala, hasa zile video za ajali. Ziba masikio kwa vidole dakika moja, yapumzike. Keti mahali unapoona mbingu, hata kama ni kipande kidogo kati ya mapaa mawili.

Yule ndugu aliyekuwa akiwafokea watoto amenipa ruhusa niseme anavyofanya siku hizi. Anasimama kwenye mashine saa nyingi, na wataalamu wa afya ya kazini wanaonya kwamba kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inatosha kuharibu masikio. Basi haingii nyumbani moja kwa moja. Anatoka kiwandani kwa miguu, mwendo wa polepole. Akifika karibu, anakaa kwenye kibanda cha uji dakika kumi bila kuongea na mtu. Ananawa uso na mikono. Ndipo anaingia, na anawakumbatia watoto kwa nguvu, mmoja mmoja. Anasema, "Pasta, ni kikombe kimoja cha uji kilichorudisha amani nyumbani." Nami nasema, ni Mungu, kwa mkono wa kikombe cha uji.

Vijana wangu, nanyi nisikilizeni. Yule kijana anayevuta gundi kando ya barabara, na yule anayemalizia siku kwa pombe, na yule asiyeweza kutulia bila miraa, wote wanatafuta kitufe. Mwili unawadai utulivu au unawadai msisimko, nao wamenunua wa bei rahisi ambao baadaye ni ghali sana. Usimtukane. Mpe kazi ya mikono, mpe mpira, mpe ngoma ya kanisa, kaa naye, kisha mwambie habari za Yesu. Kumbuka utaratibu wa Eliya.

Nizungumze kuhusu watoto. Kuna mtoto anayeziba masikio tukianza sifa. Kuna anayevua sweta ya shule kwa sababu inamkwaruza, anayekataa ugali ukiwa na uji uji, anayezunguka zunguka hawezi kukaa. Mzazi, usikimbilie fimbo, wala usikimbilie kusema ni pepo. Mwangalie wiki mbili. Ni sauti gani, nguo gani, saa ngapi? Kama jambo hilo linamzuia kula, kulala, kucheza au kusoma, mpeleke kliniki uulize kuhusu mtaalamu wa tiba ya shughuli, yule ambaye hospitalini wanamwita OT. Kenya inawafundisha, na tangu mwaka 2017 kuna sheria inayosimamia kazi yao. Kuomba na kwenda kliniki ni mikono miwili ya mwili mmoja.

Na sasa sisi watu wa spika! Najua wengine mmecheka. Mimi ni Mpentekoste, sitaomba radhi kwa ngoma wala kwa kuruka. Daudi alicheza kwa nguvu zake zote. Kupiga makofi, kuyumba pamoja, kuimba kwa sauti, kulia mbele za Mungu, hayo nayo huutuliza mwili, ndiyo maana unatoka kesha miguu imechoka na moyo ni mwepesi. Lakini Roho Mtakatifu hategemei besi. Nchi yetu ina kanuni za kuzuia kelele tangu mwaka 2009, na ukuta wa mabati hauzuii sauti. Nyuma ya ukuta ule kuna mama aliyejifungua juzi, kuna askari wa usiku aliyelala mchana, kuna mzee mgonjwa. Wazee wa kanisa nami tumekubaliana hivi: spika zote zitazame ndani. Jumatano jioni maombi hayana spika kabisa. Na kule nyuma, karibu na mlango wa pembeni, kutakuwa na kona ya utulivu: mkeka, leso mbili nzito, bakuli la maharagwe mabichi la mtoto kuchezea mikono, na mama mmoja wa zamu. Mtu mzima pia anaruhusiwa kuketi pale. Hakuna atakayekuuliza umefanya dhambi gani.

Kuna mama katika kanisa letu ambaye naye ameniruhusu kusema habari zake. Mnakumbuka Aprili 2024, Mto Ngong ulipotapika maji yake hadi ndani ya nyumba. Mvua zile ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na mwezi uliofuata tingatinga zikapita kando ya mito. Wengine wenu mlikuwa bado hamjasahau tingatinga za 2021 hapa kwa Njenga. Mama huyu alitoka usiku maji yakiwa kiunoni, mtoto akiwa begani. Wote walipona. Lakini tangu usiku ule, mvua ikigonga mabati, mikono yake hutetemeka na husimama mlangoni hadi asubuhi. Watu walimwambia ana roho ya hofu. Aliombewa, akaombewa tena. Alipokuja kwangu alisema, "Pasta, namwamini Mungu kabisa. Ni mwili unaonitoroka."

Nilimsomea habari za Petro. Katika Yohana 18, Petro anamkana Yesu akiwa anaota moto wa makaa uani mwa kuhani mkuu. Katika Yohana 21, baada ya kufufuka, Yesu anamngoja ufukoni, na amewasha nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake. Neno lile la Kigiriki la moto wa makaa limeandikwa mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na ni hizo mbili. Sisi wa Mukuru tunaijua harufu ya makaa. Fikiria Petro anafika ufukoni, na harufu ya usiku ule wa aibu inampiga puani. Yesu angeweza kumpa chakula kisichohitaji moto. Aliwasha makaa yale yale, akampa kifungua kinywa, akaketi naye. Ndipo, baada ya kula, akamuuliza juu ya upendo.

Kile ambacho mwili ulijifunza kwa hofu, unaweza kujifunza tena kwa usalama, polepole, na mtu akiwa karibu.

Kina mama wa ushirika wake walianza na manyunyu ya mchana. Wawili waliketi naye ndani ya nyumba, leso mabegani, nyayo zimekanyaga sakafu kwa uzito, turungi ya tangawizi mikononi, wakiimba kwa sauti ya chini na kutoa pumzi ndefu. Siku ya kwanza alitetemeka. Siku ya nne alitetemeka kidogo. Mvua kubwa ya usiku bado humwamsha, lakini sasa huweza kukaa kitandani, mkono juu ya kifua, akasikiliza kama ni mvua tu au ni maji ya mto.

Angalia neno hilo, akasikiliza. Kutuliza mwili si kuudanganya. Hapa kwetu mto unaweza kufurika kweli. Kwa hiyo kina mama wale walifanya jingine: vyeti vya watoto viko ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, wamekubaliana wataelekea wapi maji yakija, na vijana wamezibua mtaro. Mwili uliotulia hufikiri vizuri. Uliojaa king'ora hukimbia ovyo au huganda.

Na kama umejaribu haya na bado hulali wiki kwa wiki, au unasikia sauti wengine wasizosikia, au umeanza kufikiri kama Eliya chini ya ule mti, kwamba ni heri ufe, usikae peke yako na leso na chai. Mwambie mtu leo. Piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure. Nenda kliniki iliyo karibu, au Hospitali ya Mathari kama utaelekezwa huko. Hakuna aibu kuvuka lango lile. Nipigie mimi, hata saa nane usiku. Eliya naye hakuachwa peke yake. Malaika alirudi mara ya pili.

Kazi ya wiki hii ni moja. Chagua kitu kimoja kinachokushusha na kimoja kinachokupandisha, uviandike. Mwonyeshe mume wako, mke wako, au rafiki unayekaa naye, ili akiona umechafukwa asikuhubirie kwanza. Akuletee hicho kitu kwanza. Mahubiri yatafuata.

Tuombe. Baba, wewe uliyeyafanya masikio, na ngozi, na pumzi, asante kwa miili hii iliyochoka. Mguse anayesoma haya kitandani akiwa macho. Mpe usingizi kama wa Eliya, mkate wake, na mtu wa kumgusa bega. Tuliza mabati yetu na mito yetu. Na tukishatulia, sema nasi, tutakusikia. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA hapo chini, na uandike kile kitu chako kimoja, mwenzako apate kujifunza. Kisha mtumie ujumbe huu ndugu mmoja ambaye unajua halali siku hizi.

Mungu awabariki. Tuonane Jumatano jioni, bila spika.